Injini Kuukuu ya Mpondwe na Mikono Iliyoipitia

Mnunuzi anayetaka kujua Honda CG125 iliyozeeka imeishi maisha gani haanzi na kitabu cha usajili. Huanza na kifuniko kidogo cha upande wa kushoto kinachoficha sproketi ya mbele. Akishakifungua hupangusa matope ya grisi kwa kitambaa, halafu hupitisha kidole nyuma ya meno. Mnyororo unapokatika njiani, hapo ndipo hujirundika, na ukijirundika katika mwendo wa kasi hupasua kasha la injini. Fundi aliyeuziba ufa huo kwa kuchomelea aluminiamu huacha uvimbe. Rangi ya fedha hudanganya macho, lakini kidole kitauhisi tu.

Mpondwe, magharibi mwa Uganda, ni mahali pazuri pa kujifunzia usomaji wa namna hii. Kutoka Kasese mjini barabara hushika njia ya kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, huchepuka kuelekea magharibi, hupita Kinyamaseke na Bwera, kisha huishia mpakani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo, na mbele yake Beni na Butembo. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, watu na mizigo humiminika darajani, na hata upande wa kuendesha hubadilika: Uganda hushika kushoto, Kongo kulia. Tarehe 16 Juni 2021, marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walikutana hapa kuzindua ujenzi wa barabara ya kwenda Beni, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pikipiki hazikusubiri mikataba hiyo. Zilikuwa zikivuka zamani.

Pikipiki iliyofanya kazi pande zote mbili imepitia pia gereji za lugha mbili. Huku Bwera watu husema ringi, plagi na ovasaizi. Kule Kasindi na Butembo, ambako Kiswahili cha gereji kimechanganyika na Kifaransa, ringi ni segma na plagi ni buji. Muuzaji akiwa na risiti za spea mfukoni, jambo lisilotokea mara nyingi, zote zafaa kusomwa.

"Mzee, mashine hii haijafunguliwa tangu itoke dukani." Kauli ya aina hiyo husikika popote pikipiki kuukuu inapobadilisha mkono, na husemwa kana kwamba ni sifa. Huko Uingereza, kwa mkusanyaji wa pikipiki za kale atakayeiweka yake sebuleni, huenda ikawa sifa kweli. Kwa pikipiki iliyoteremsha magunia ya kahawa kutoka vilima vya Rwenzori na kupandisha samaki wa ziwa Edward, kauli hiyo ama ni uongo ama ni habari mbaya. Injini ya miaka 40 ambayo haijaguswa ni injini ambayo haikutunzwa. Swali lenye faida ni jingine: imefunguliwa na nani, aliifanya nini, na amebakiza nafasi gani kwa fundi atakayefuata?

CG125 ni mfano mzuri kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya maisha haya. Honda ilipoanza kuiuza mwaka 1976 ililenga nchi ambazo mafuta ya injini hubadilishwa pesa ikipatikana. Pikipiki nyingine za kampuni hiyo zilikuwa na kemu shafti juu, ikizungushwa na cheni ndogo ndani ya injini. Kwenye CG wahandisi walirudi nyuma kwa makusudi: kemu ikawekwa chini, na vali zikafunguliwa kwa vijiti virefu vya kusukuma. Vijiti huvumilia mafuta machafu kuliko cheni. Muundo huo baadaye ulinakiliwa China kwa wingi mno, na matokeo yake ni kwamba Honda ya zamani inaweza kuwa na bloku, kichwa, klachi na hata injini nzima isiyo ya Honda, na bado ikanguruma kama kawaida.

Injini ya Kichina, kwa bahati njema, hujitaja yenyewe. Pembeni mwa kasha huandikwa kitu kama 156FMI au 162FMJ, na kila alama ina kazi. Tarakimu 1 ni idadi ya silinda. 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F humaanisha inapozwa kwa hewa. M ni pikipiki. Herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa, I kwa sisi (sentimita za ujazo) 125 na J kwa sisi 150. Injini ya Honda yenyewe namba yake huanza na CG125E. Kwa hiyo fremu ya Honda iliyobeba 162FMJ si CG iliyotengenezwa vizuri ikapata nguvu. Imefungwa injini nyingine kabisa, na bei yake iwe ya injini hiyo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wa kwanza husikia kwamba namba ya injini na ya fremu lazima zifanane, akaikataa Honda safi kwa sababu hazifanani. Honda haikuwa na desturi ya kuzifananisha; injini na fremu zilihesabiwa kila moja kwa mfuatano wake. Wa pili huona Yamaha ya miaka ya 1970 yenye namba mbili tofauti na haoni ubaya, ilhali Yamaha za zama hizo zilitoka kiwandani zikiwa na namba ileile juu na chini. Tofauti hapo maana yake injini imetoka kwenye pikipiki nyingine, au fremu ndiyo iliyotoka kwingine. Kwa Bajaj Boxer na TVS za India zilizojaa barabara za Kasese leo, namba ya fremu ina alama 17: ikianza na MD2 ni ya Bajaj, ikianza na MD6 ni ya TVS.

Namba iliyochezewa hutambulika zaidi kwa uso wake kuliko kwa tarakimu. Za kiwandani hukaa kwenye mstari na zina kina kimoja. Zilizogongwa kwa nyundo huyumba, moja imezama, jirani yake imekwaruza juu juu, na uso wa chuma chini yake unang'aa mistari ya grainda. Triumph ya Uingereza iliona tatizo hili mapema, na kuanzia pikipiki za modeli ya 1969 ikaweka nembo ndogo nyingi za jina lake pale namba inapogongwa, ili anayeisaga asage na nembo. Hata namba iliyosagwa haipotei moja kwa moja. Pigo la herufi hubana chuma kilicho chini ya alama, na maabara za uchunguzi hupaka asidi inayokula sehemu iliyobanwa tofauti na nyingine, tarakimu zikajitokeza tena kwa muda. Gereji ya Bwera haina haja ya asidi; uso uliosagwa peke yake watosha kumfanya mtu aagane na muuzaji kwa heshima.

Baada ya namba, skrubu. Vichwa vya skrubu kwenye vifuniko vya injini za Kijapani za zamani vina msalaba unaofanana na ule wa kawaida, lakini Wajapani walikuwa na kipimo chao. Bisibisi ya dukani haizami hadi chini. Ikikazwa huruka na kula kichwa. Kwa hiyo msalaba uliolika ni ushahidi wa kila aliyewahi kufungua akiwa na haraka. Zikilika za kifuniko cha klachi peke yake, klachi imebadilishwa. Zikilika za upande wa magneto, umeme umeguswa. CG za mwanzo zilitumia volti 6 na plati, na mtu aliyechoka na taa hafifu aliweka magneto na koili za volti 12. Hilo ni badiliko jema, alimradi nyaya zimeunganishwa vizuri na si kusokotwa tu na kufungwa plastiki. Injini ambayo skrubu zote zimeng'olewa na kuwekwa za alenki haipo tena kama ilivyotoka kiwandani, ila mara nyingi ilipita kwa fundi aliyejali.

Silikoni ina hadithi mbaya zaidi. Kiwanda kiliweka gasketi ya karatasi kati ya vipande. Fundi asiyeipata hukata nyingine kwa karatasi ngumu ya boksi au hupaka silikoni. Ile inayotoka nje kama utepe mwekundu au mweusi ni aibu tu. Ya kuogopwa ni iliyoingia ndani, kwa sababu ikikauka hukatika vipande na kuziba vijia vya mafuta. Gasketi ya boksi iliyo nene ikiwekwa chini ya bloku huinua silinda, na mgandamizo hushuka. Kinyume chake, kichwa kilichopinda kikichongwa ili kiwe bapa, mgandamizo hupanda. Kwenye CG kichwa kilichochongwa hujitaja hata kabla ya kupimwa: vijiti vya kusukuma vimekuwa virefu kuliko nafasi iliyobaki, kwa hiyo skrubu za kurekebisha vali hutokeza juu kuliko kawaida. Dakika mbili za kufungua kifuniko cha vali zinatosha kuliona hilo.

Kisha plagi. Plagi halali ya CG125, ile ya NGK iitwayo D8EA, ina thredi ya milimita 12; katika mpangilio wa NGK herufi D ni milimita 12, B ni 14 na C ni 10. Ukikuta kichwa cha CG kimekaziwa plagi inayoanza na B, thredi ya zamani ilikufa na shimo likatanuliwa. Wakati mwingine shimo hutiwa kikombe cha shaba chenye thredi mpya ndani, na kazi hiyo ikifanywa kwenye mashine ya kuchongea hudumu miaka mingi. Ikifanywa kwa mkono plagi hukaa upande, nayo yaweza kuruka siku pikipiki inapopanda mlima na abiria wawili.

Rangi ya plagi hupeleka usomaji mbali zaidi, na hapa jiografia ya mpaka huingia ndani ya kabureta. Mpondwe iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Butembo iko juu ya mita 1,700. Hewa ya Butembo ni nyepesi zaidi, na injini iliyopangwa kwa tambarare hula petroli nyingi kuliko inavyohitaji huko, ikatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fundi wa Butembo anayejua kazi yake huweka jeti kuu ndogo. Pikipiki hiyohiyo ikiteremka hadi joto la Kasese na jeti ileile, petroli huwa kidogo kwa hewa nzito ya huku: plagi hugeuka nyeupe, kichwa cha injini huchemka, na pistoni huanza kukwaruza silinda. Mnunuzi wa Bwera hulaumu pistoni. Kosa liko kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho namba yake imeandikwa pembeni. Kibaya kuliko vyote ni jeti iliyotanuliwa kwa waya: namba inasema jambo moja, tundu linasema jingine.

Yamaha AG100 husomwa kwa njia yake. Ni pikipiki ya shamba, iliyobuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand: stendi za pembeni mbili, kulia na kushoto, keria mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote. Afrika Mashariki iliijua kupitia mabwana shamba, parokia na mashirika ya misaada. Injini yake ni ya mipigo miwili, na mafuta ya kulainisha hukaa kwenye tangi la pekee yakivutwa na pampu ndogo, mfumo ambao Yamaha iliuita Autolube. Jambo la kwanza ni kutazama kama pampu hiyo bado ipo. Wengi waliiondoa baada ya kuharibika, wakaziba tundu lake kwa bati na kuanza kuchanganya mafuta na petroli kwenye tangi. Si dhambi. Hatari ni kwa mmiliki mpya asiyejua: akiona tangi la mafuta limejaa atatia petroli tupu, na haitafika mbali.

Uzuri wa mipigo miwili ni kwamba haifichi mengi. Ukifungua bomba la moshi, pistoni unaiona kupitia mlango wa silinda. Mikwaruzo ya wima ni alama ya injini iliyowahi kukwama. Milango yenyewe ina la kusema. Ya kiwandani ina kingo laini na umbo sawa pande zote. Iliyotanuliwa kwa tupa ili pikipiki ikimbie zaidi haina ulinganifu, nayo hutoa nguvu ya juu kwa kuiba ile ya chini, yaani nguvu ileile ambayo mlima wa Rwenzori unaidai. Krenki ikiwahi kutolewa ili konrodi ibadilishwe, angalia ncha za pini: vidonda vya kuchomelea hapo maana yake pini ilikuwa imelegea, na fundi aliogopa itajigeuza. Mara nyingi hofu yake ilikuwa ya haki.

(Ukoo wa mashine hizi ni wa ajabu. Mwaka 1948 BSA ya Uingereza ilitoa Bantam, pikipiki ndogo iliyonakiliwa kutoka DKW RT125 ya Wajerumani walioshindwa vita. Warusi na Harley-Davidson walinakili Mjerumani huyohuyo, na mwaka 1955 Yamaha ikaanza safari yake ya pikipiki kwa YA-1, nakala nyingine. Anayeshikilia kwamba pikipiki halisi ni ile isiyoiga chochote atapata kazi kubwa ya kuitafuta.)

Turudi kwenye silinda, kwa kuwa ndiko fedha nyingi hupotelea. Kipenyo cha silinda ya CG125 ikiwa mpya ni milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, jumla sisi 124. Silinda ikilika, huchongwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo, yaani ovasaizi. Ngazi za kawaida ni nne: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na ukubwa hugongwa juu ya kichwa cha pistoni. CG iliyofika 1.00 ina kipenyo cha 57.5, na ukipiga hesabu imekuwa sisi 128 na nusu. Hakuna udanganyifu hapo. Ni uzee wa kihalali. Lakini mnunuzi wa pistoni ya 0.25 ana marudio matatu mbele yake, na wa 1.00 hana hata moja. Kati ya injini mbili zenye sauti sawa, tofauti hiyo ndiyo inayostahili kubishaniwa bei, kuliko rangi ya tangi.

Namba hiyo yaweza kuonekana bila kufungua kichwa. Toa plagi, teremsha pistoni kidogo, mulika kwa tochi ya simu. Pistoni iliyofanya kazi muda mrefu imefunikwa masizi meusi. Ikiwa namba inasomeka wazi kwenye chuma kinachong'aa, injini imefunguliwa hivi karibuni, hata muuzaji aape vipi. Kwenye pistoni za Honda huandikwa pia IN, na maandishi hayo hutazama upande wa kabureta. Kwenye mipigo miwili kuna mshale unaoelekea bomba la moshi. Pistoni iliyogeuzwa hueleza kiwango cha fundi kuliko cheti chochote ukutani.

Ujanja wa kawaida kuliko wote ni ringi mpya ndani ya silinda iliyolika. Silinda ikishalika haibaki duara kamili, huelekea umbo la yai, na juu kabisa, pale ringi zisipofika, hubaki ngazi inayokwama kwenye ukucha. Ringi mpya huzima moshi kwa muda wa kuuzia tu. Kipimo chake ni rahisi: pima mgandamizo, kisha mimina kijiko cha mafuta ya injini kupitia shimo la plagi na upime tena. Mgandamizo ukipanda sana, hewa inavuja kwenye ringi na silinda. Usipopanda, tazama vali. Huku Mpondwe kipimo kitasoma chini kidogo kuliko kitabu cha kiwanda kinavyosema, kwa kuwa kwenye mita 1,000 kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 11, na injini haina kosa kwa hilo.

Ukaguzi uanze injini ikiwa baridi. Pikipiki inayoletwa sokoni ikiwa imeshapashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na mgongano wa pistoni iliyolegea, ambao chuma kikipanuka hunyamaza. Mnunuzi mwenye subira hushika kasha la injini kwa kiganja kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Akilikuta la moto, huagiza chai na kungoja.

Akimaliza kungoja, bado lipo fumbo moja, nalo huwanasa hata wazoefu. Pistoni imeandikwa STD, yaani ukubwa wa kiwandani, katika pikipiki ya mwaka 1980. Muuzaji huionyesha kwa fahari. Ila silinda iliyopitia ngazi zote nne haitupwi: hupelekwa kwenye mashine ya kuchongea, hutanuliwa, huingizwa slivu mpya ya chuma, na slivu huchongwa kwa kipimo cha mwanzo. Hapo pistoni hurudi STD na hesabu huanza upya. Ukivua bloku na kuitazama kwa chini, slivu iliyoongezwa huonekana kama mstari mwembamba wa duara kati ya vyuma viwili, wakati mwingine na rangi mbili za kutu. Ikiwa imebana vizuri, na kingo zake hazikushuka chini ya uso wa bloku, mnunuzi ana ovasaizi nne kamili mbele yake na anaweza kulipa bei ya juu bila wasiwasi. Ikiwa imelegea, joto halitoki, na safari ya kwanza ya kupanda kutoka Kasindi kuelekea Beni itaishia pembeni mwa barabara.